Mgeni Tuliyemsafishia Mashine

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, kwenye duka la kijana mmoja anayeuza sabuni na mafuta ya kupaka yanayotoka nje. Alifungua kopo jipya anionyeshe, akalisogeza karibu na pua yangu. Nilijikuta nimekaa juu ya gunia la mchele la duka la jirani bila kuomba ruhusa.

"Mama, vipi, presha?" kijana akaniuliza, huku anatafuta maji.

Nikamwambia sina presha. Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa harufu ya waridi, lakini si ile ya marashi tuliyoyazoea harusini, bali nyingine nzito zaidi, yenye uchungu kidogo kwa ndani, ambayo nilikuwa sijainusa tangu nikiwa na miaka tisa? Nikalinunua lile kopo, nikaenda zangu. Mpaka leo sijalifungua.

Mama yangu alikuwa na kichupa chenye harufu hiyo. Kilikuwa kidogo kama kidole changu cha wakati ule, kimewekwa ndani ya kijumba cha mti kilichopakwa rangi nyekundu na kijani, na kofia yake ilifunguliwa kwa kuzungushwa. Alikuwa amepewa na rafiki yake, mwanamke wa Bulgaria aliyeitwa Stanka. Pale mtaani kwetu Ng'ambo hakuna aliyeweza kulitamka jina hilo likatoka salama. Tulisema Sitanka.

Mama alizaliwa Kigwa, kwenye familia ya wakulima Wakatoliki waliokuwa na mashamba ya karanga na tumbaku kidogo. Alipomaliza shule aliajiriwa kwenye kiwanda cha nyuzi cha serikali hapa Tabora, na kwa kuwa mashine zilitoka Bulgaria, alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa huko miaka miwili kujifunza kuziendesha. Alirudi na koti zito ambalo hakulivaa tena maishani mwake, lugha ambayo hakuwa na mtu wa kuizungumza naye, na picha moja. Katika picha hiyo yeye na Stanka wamesimama kando ya mashine, vilemba vyeupe kichwani, wameshikana mabega na wanacheka. Picha ilitundikwa juu ya kitanda chetu, chini ya msalaba. Baba alifariki nikiwa bado sijaanza kutembea, kwa hiyo nyuso nilizokua nikiziangalia kabla ya kulala zilikuwa hizo tatu: Yesu, mama na Stanka.

Tulipanga chumba kwa Fundi Hamisi na mkewe Bi Zuhura. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa ya urithi, imekaa kwenye barabara ile ya zamani ya misafara, na Fundi Hamisi, ambaye nilimwita Mjomba, alipenda kunisimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi aliyetoka hapo kwa miguu mpaka pwani na mzigo begani. "Ukoo wetu," alikuwa akisema, "umeanza kupumzika siku mimi nilipokabidhiwa spana." Alikuwa fundi mkuu wa mashine za kiwanda. Bi Zuhura yeye alipika chai na vitumbua, akauza getini asubuhi zamu zinapobadilishana. Kwa hiyo nyumba nzima ilikula kutokana na kiwanda kile, na mimi nilidhani dunia nzima inakula hivyo.

Kelele za mashine zilikuwa kubwa mno hata wafanyakazi walizungumza kwa mikono na midomo, bila sauti. Mama na Mjomba waliileta lugha hiyo mpaka nyumbani. Mama akiwa mlangoni kwetu na Mjomba akiwa kule kisimani, waliweza kuelezana habari ya siku nzima bila kutamka neno. Bi Zuhura alikuwa akilalamika, "Nyie wawili mnanisengenya mbele ya macho yangu!" nao wakacheka. Mimi nilikaa kati yao nikigeuza shingo huku na huku, nisiambulie kitu. Nadhani ndipo nilipozoea kujijazia mwenyewe yale ambayo wakubwa hawakuniambia.

Wenzangu wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, tukaingia kwenye maduka yaliyojaa kila kitu. Ghafla sokoni kulikuwa na mitumba, marobota kwa marobota, na siku yakifunguliwa watu waliinama kama kuku wanaodonoa. Bi Zuhura aliniletea gauni la waridi lenye mikono iliyofura. Nililivaa nikazunguka uani mpaka nikapata kizunguzungu. Mama aliporudi kazini aliushika ukingo wa gauni, akaufikicha kati ya vidole viwili, akautazama kwa karibu sana.

"Uzi mzuri," akasema.

"Ni zuri, eh, mama?"

"Zuri sana, mwanangu." Kisha akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake vya kazini, kitu ambacho alinikataza mimi siku zote. Mimi nilidhani amechoka.

Muda mfupi baadaye alirudi mchana, jua likiwa bado kali, akamwambia Bi Zuhura aliyekuwa anachambua mchele, "Dada, nimepunguzwa."

Bi Zuhura akaweka ungo chini. "Wewe? Wewe waliyekusomesha Ulaya?"

"Tumepunguzwa wengi."

Nilimwangalia mama kutoka juu mpaka chini. Nilijua kupunguzwa ni nini: sufuria ikijaa maji unayapunguza, nguo ikiwa ndefu fundi anaipunguza. Nikachukua kipande cha mkaa, na mama alipoegemea mlango, nikatia alama ndogo ukutani usawa wa bega lake. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiangalia kama ameshuka chini ya alama. Hakushuka. Lakini kanga ilianza kumlegea, mifupa ya shingo ikatokeza, na usiku akinikumbatia nilihisi mbavu zake. Nikaamini kwamba wameanza kumpunguzia upande mwingine. Sikuelewa kwamba ule ugali aliosema amekwisha kula kwa Bi Zuhura hakuwa ameula mahali popote.

Halafu kiwanda kikafungwa kabisa. Ving'ora vya zamu vilinyamaza, na nakumbuka watu wa mtaani kwetu walichelewa kuamka kwa siku kadhaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na saa. Mjomba Hamisi aliendelea kuvaa ovaroli lake la bluu kila asubuhi. Alikwenda mpaka getini, akakaa na wenzake chini ya ukuta, akarudi. Na jioni, kwenye kibaraza chetu, likaingia neno jipya ambalo watu wazima walilitamka kwa heshima kama jina la askofu: mwekezaji.

"Kuna mwekezaji anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka nje. Atakichukua kiwanda, atakifufua, watu warudi kazini."

Siku hizo hizo ikaja barua ya Stanka. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka bila barua. Zamani mama alikuwa akizisoma kwa sauti, akinitafsiria sentensi moja moja, na mimi nikiuliza theluji inafanana na nini. Safari hii alisoma kimya, amesimama. Alipofika mwisho alicheka kidogo puani.

"Anasemaje, mama?"

"Anauliza habari za kiwanda chetu."

"Na nini tena?"

"Anasema angependa kuja." Akaikunja barua, akaitia chini ya godoro. "Haya, nenda kachote maji."

Nilichota maji mara tatu bila kutumwa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa siri. Mwekezaji anatoka nje, na mimi katika maisha yangu nilimjua mtu mmoja tu wa nje, na mtu huyo anauliza habari za kiwanda na anataka kuja. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza zaidi? Nilikwenda kuitazama ile picha, nikamwona Stanka anacheka, nikamwambia kimoyomoyo, njoo upesi.

Wiki iliyofuata bibi yangu aliugua Kigwa, na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Mama akapanda treni kwenda kumuuguza na kusaidia shamba, akaniacha kwa Bi Zuhura ili nisikose shule. "Mtii Bi Zuhura," aliniambia stesheni. "Nitarudi." Hakusema lini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilimkuta Mjomba amekaa kwenye kigoda uani, amezipanga spana zake juu ya gunia, moja baada ya nyingine, anazifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kando yake kulikuwa na sanduku la bati lililo wazi na mashati mawili ndani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Monika."

"Unakwenda wapi?"

"Bukene. Kuna kinu kipya cha kuchambua pamba, cha mtu binafsi. Wanataka fundi. Wamenitumia salamu niwe nimefika Jumatatu asubuhi."

"Utarudi lini?"

"Nikikubalika, nitamchukua na Bi Zuhura. Tutahamia huko." Alisema bila kuniangalia. "Nyumba tutawaachia nyinyi."

Mama hayupo, na sasa hawa nao wanaondoka. Ndipo nikamwambia. Nikamwambia asiende, kwa sababu mwekezaji namjua mimi. Ni Sitanka. Ameandika barua, imo chini ya godoro. Anauliza habari za kiwanda na anataka kuja.

Mjomba aliacha kufuta. "Sitanka yule wa kwenye picha?"

"Ndiye."

Niliona anavyofikiri, macho yakitembea ardhini. "Mashine ni za kwao," akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe. "Nani mwingine azitake? Watu wengine hata kuwasha hawajui." Kisha akaniangalia usoni. "Monika. Mama yako mwenyewe, kwa mdomo wake, amesema Sitanka ndiye mwekezaji?"

Mama hakuwa amesema hivyo. Nilijua hakusema. Yote mengine niliyoyasema yalikuwa makosa ya mtoto asiyeelewa, na hayo nimejisamehe. Lakini pale aliponiuliza swali lile, nilijua jibu.

"Ndiyo, Mjomba. Amesema."

Akazirudisha spana moja moja kwenye mfuko wake. Mashati akayatoa kwenye sanduku.

Jumatatu hakwenda Bukene. Alikwenda getini na ovaroli lake, na safari hii alikwenda na habari. Kufikia Jumatano watu kama ishirini walikuwa wamemshawishi mlinzi awafungulie. Mgeni anakuja, walisema, hatuwezi kumpokea na uchafu huu. Bi Zuhura alinituma baada ya shule nipeleke birika la chai, na ndivyo nilivyoingia kiwandani kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Sijaona tena watu wanafanya kazi namna ile. Hakuna aliyewaamuru na hakuna aliyewaahidi ujira. Wanawake waliokuwa wamepunguzwa pamoja na mama walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wanaondoa vumbi la pamba kwenye mashine kwa mikono na miswaki ya zamani. Wanaume walikuwa juu ya ngazi wanafuta vioo vya madirisha. Mjomba alilala chali chini ya mashine, miguu yake tu ikionekana, anapaka grisi sehemu moja baada ya nyingine. Jengo lilikuwa refu kuliko kanisa letu, na kwa kuwa mashine hazikuwa zinaunguruma, kila mtu angeweza kuzungumza kawaida. Lakini walizungumza kwa mikono. Mazoea, nadhani. Ukumbi mzima ulijaa watu wanaochezesha vidole na midomo, kimya kabisa, wanacheka bila sauti.

Mwanamke mmoja aliniona na birika, akawapigia wenzake ishara wakageuka kunitazama. Akaja akanishika shavu. "Wewe ndiye mtoto wa Perpetua? Mama yako Mungu ambariki." Nikajiona mkubwa.

Mama alirudi baada ya majuma mawili. Mimi na Mjomba tulikwenda kumpokea. Treni ilipokuwa bado inapunguza mwendo, mama alichungulia dirishani, na Mjomba, akiwa huku jukwaani, akaanza kumwambia kwa mikono. Sikuwa naijua lugha ile, lakini safari hii nilielewa, kwa sababu alichora kilemba kichwani na kuonyesha mbali. Sitanka. Mama alikunja uso. Akajibu kwa ishara fupi, kiganja juu: nini?

Nilianza kusikia baridi palepale juani.

Nyumbani mama hakuuliza mengi. Alimsikiliza Mjomba akieleza yote, jinsi walivyosafisha, jinsi wanavyosubiri. Kisha akaingia chumbani, akaitoa barua chini ya godoro, akaketi kwenye mkeka mbele yao. "Kaka Hamisi," akasema, "ngoja nikusomee."

Akasoma polepole, akitafsiri. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Stanka aliandika kwamba kiwanda chao kilikuwa kimefungwa, mashine zimeuzwa. Kwamba mumewe, aliyekuwa mhandisi, sasa anauza betri na soksi sokoni kwenye meza ya kukunja, na wakati wa baridi vidole vyake vinapasuka. Kwamba wanauza vitu vya nyumbani kimoja kimoja, na watu waliokuwa wakisalimiana sasa wanapishana wanatazama chini. Halafu mama akafika mahali akasita, akameza mate, akaendelea: "Perpetua, nyinyi kule bado mna kiwanda. Je, kunaweza kupatikana nafasi? Ningependa kuja. Nakumbuka kazi yote. Wakitaka, naweza hata kuwa mfagiaji."

Kuku walikuwa wanaparura kando ya kisima.

"Nani alikwambia kwamba ndiye mwekezaji?" mama akauliza.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bi Zuhura, nimeshika ncha ya kanga yake. Mjomba alinitazama. Alinitazama kwa muda unaotosha mtu kutamka jina. Kisha akageuka.

"Ni maneno ya getini tu, Mama Monika," akasema. "Unajua watu."

Kesho yake alipanda treni kwenda Bukene. Alirudi siku ya pili na sanduku lake. Walikuwa wamekwisha kumchukua mtu mwingine, kijana wa huko huko, Jumatatu ile ile mchana, baada ya kumsubiri asubuhi yote.

Mwekezaji wa kweli alikuja mvua zilipokwisha kuanza. Hakutoka nchi za mbali. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyeshuka kwenye gari na kukanyaga matope kwa uangalifu. Mjomba na wenzake walijipanga getini wamevaa ovaroli zilizofuliwa. Aliwapungia mkono. Aliingia, akazunguka, akapitisha kidole juu ya mashine moja akakitazama. Mjomba alitusimulia baadaye kwamba yule bwana alimwambia mwenzake, "Zimetunzwa vizuri hizi." Baada ya juma moja yakaja malori. Hakutaka uzi. Alitaka chuma.

Mashine zilikuwa nzito mno kutolewa mlangoni zikiwa nzima, ikabidi zikatwe kwa gesi. Walitafutwa vibarua wanaojua zilivyofungwa, wapi pa kuanzia. Mjomba Hamisi alikuwa anajua kuliko wote. Bi Zuhura alimsihi asiende. "Utaanzaje?" alimwuliza. "Utaanzaje, Hamisi?" Yeye akajibu kwamba ndani ya nyumba hakuna unga, na zitakatwa tu hata asipokwenda. Alikwenda siku kumi na moja. Jioni alirudi, akaoga muda mrefu sana, akala akitazama ukuta. Mama alipokuwa mlangoni kwetu akamwuliza jambo kwa mikono, kama zamani, Mjomba alijibu kwa mdomo, "Sijambo," akaingia ndani. Sikuwahi kumwona akitumia tena lugha ile.

Mara nyingi nilitaka kumwambia kitu. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikasimama. "Vipi, Monika?" alikuwa akiniuliza, kwa upole ule ule, na mimi nikasema nimekuja kuangalia kama maji yapo. Laiti angenigombeza.

Kibarua kilipokwisha, vijana wengi wa mtaani walikuwa wanakwenda Nzega kwenye mashimo ya dhahabu. Mjomba hakuwa kijana. Aliondoka nao mwezi wa Ramadhani ulipomalizika, baada ya sikukuu, akiwa na zile spana zake, kwa sababu alisikia kuna pampu za kutoa maji mashimoni zinahitaji fundi. Labda alizikuta, labda hakuzikuta. Tulichoambiwa ni kwamba alishuka shimoni na wenzake wawili baada ya usiku wa mvua, na udongo ukawafunika. Walimtoa mmoja. Hakuwa yeye.

Habari ililetwa na kijana wa jirani, mchana, nikiwa nimetoka shule tu. Nilimwona anavua kofia uani. Nilimsikia Bi Zuhura akiuliza, "Wamemtoa?" na kijana akitikisa kichwa. Bi Zuhura hakupiga kelele. Aliketi chini palepale alipokuwa, kwenye ardhi yenye unyevu, akaanza kukunja ukingo wa kanga yake vizuri vizuri kama mtu anayetaka kuiweka kabatini. Mama alitoka mbio akamshika. Mimi nilikimbia nikajificha nyuma ya choo, nikakaa huko mpaka jua likazama, na nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba Bukene hakuna mashimo.

Msiba ulikaliwa bila maiti. Swala ikaswaliwa, watu wakaja, hata wale wanawake wa kiwandani. Yule aliyenishika shavu alipita karibu yangu asinitazame. Nilikuwa nikingoja mtu aniite mbele ya wote. Hakuna aliyeniita.

Sisi tulihamia Kigwa mwaka huo huo. Mama alikuwa mkulima tena kama mama yake, na mikono iliyokuwa inaunga uzi mwembamba kama unywele ikapasuka kwa jembe. Stanka hakujibiwa. Mama alianza barua mara nyingi, nilimwona, lakini alishindwa kuandika kwamba na sisi hatuna. Barua nyingine haikuja. Sijui yule mwanamke alidhani nini juu ya kimya chetu. Mama alifariki nikiwa tayari mwalimu, na siku chache kabla alinishika mkono akaniambia, "Bi Zuhura usimwache." Basi.

Sikumwacha. Nilipohamishiwa shule ya hapa mjini nilimkuta mzee, peke yake, nyumba imeinamia upande mmoja. Ni miaka kumi na mbili sasa tunaishi pamoja. Wanangu wanamwita bibi. Anapenda chai yenye tangawizi nyingi na ananilaumu kwamba siku hizi vitumbua vyangu ni vigumu. Katika miaka yote hiyo hatujawahi kulitaja jambo lile.

Siku ile niliyotoka sokoni, nilimkuta amekaa jikoni kwenye mkeka anachambua mchicha. Nikaketi karibu yake nikaanza kumsaidia. Kisha, bila kupanga, nikasema. Nilisema yote: Jumamosi ile, spana, swali la Mjomba, na kwamba nilijibu ndiyo nikijua si kweli. Nilisema nikitazama mchicha.

Bi Zuhura aliendelea kuchambua.

"Nilikuwa jikoni," akasema. "Nilisikia kila neno."

Nilishindwa kuinua uso.

"Nilikuchukia, Monika. Sikufichi. Nilikuchukia miaka mingi. Mama yako nilimwambia baada ya msiba, nikamwambia ni mtoto wako ameniulia mume. Hakunijibu. Alilia tu. Kuanzia hapo, kila baada ya mavuno, alikuwa ananiletea unga na karanga kutoka Kigwa. Alikuja mwenyewe, hata alipokuwa anaumwa. Hakukutuma wewe hata siku moja."

Nikakumbuka. Nilikuwa msichana mkubwa, mwenye nguvu, na kila mwaka nilimwomba mama anipe mimi mzigo ule niupeleke mjini, naye akakataa. Nilidhani haniamini na unga.

"Alikuwa anaogopa nitakavyokutazama," Bi Zuhura akasema. Akatupa kijiti cha mchicha kwenye karai. "Lakini sikiliza. Siku ile ningeweza kutoka jikoni. Ningesema, Hamisi, huyo ni mtoto, msubiri mama yake arudi. Au nenda Bukene, mwekezaji akija barua itakukuta huko. Ni maneno machache tu. Sikutoka. Sikutaka Bukene. Nilitaka tubaki hapa, nyumbani kwetu, na nilipokusikia unamwambia asiende nikamshukuru Mungu."

Mikono yake ilisimama.

"Hilo," akasema, "sikumwambia mama yako."

Nikamsogelea. Tulikaa hivyo tukilia, mabega yamegusana, wala hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze, mpaka watoto waliporudi kutoka shule na kusimama mlangoni, wakiuliza nani amekufa.